Nambari ya Seti Mama

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, redio mbili zilizokuwa juu ya meza yetu pale Laini Saba, Kibera, zilianza kulia kwa pamoja. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu juu ya mlango kulikuwa na saa ya plastiki ambayo Mama Zuhura, mwenye duka, alikuwa ameisogeza dakika kumi mbele ili tusichelewe kazini, nami nilikuwa na tabia ya kuitazama na kuzitoa zile kumi kimoyomoyo. Ouko, fundi mwenzangu, alikuwa amekishikilia kitufe chekundu cha seti moja kwa kidole gumba. Zilikuwa redio za boti. Kitufe hicho hufunikwa kwa kijifuniko kisibonyezwe kwa bahati mbaya, na lazima ukishikilie mpaka seti ikubali kwamba kweli uko hatarini. Seti ya pili, iliyokuwa mwisho wa meza karibu na chupa ya chai, iliitika kwa mlio wa kupanda na kushuka ulionifanya niweke chini chuma cha kulehemu. Kwenye kioo chake kulikuwa na maneno ya kuomba msaada na, chini yake, nambari ya tarakimu tisa ya boti inayoita. Niliinama nikaisoma. Kisha nikaigeuza seti hiyohiyo nikasoma kibandiko tulichokuwa tumekibandika mgongoni mwake. Ilikuwa nambari ileile.

"Imejipigia yenyewe," Ouko akasema, akacheka.

Mteja alikuwa ameketi kwenye benchi ya ukutani, chapati mkononi. Jina lake Okelo, mjomba wake Ouko, mtu mfupi mwenye mabega mapana aliyekuwa na boti ya kubeba abiria na magunia kati ya visiwa vya ziwani. Alikuwa amekuja Nairobi kwa ajili ya redio tu, na jioni alikuwa anarudi. Mambo ya nambari hayakumshughulisha. "Hiyo kelele ni tamu," alisema. "Sasa mimi nikizama huko, nani anasikia?"

"Serikali yote, Mzee Okelo," Mama Zuhura alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye risiti ya shilingi elfu kumi na nane aliyokuwa anamwandikia. "Wewe unabonyeza tu, halafu unangoja."

"Nangoja na maji iko hapa?" Akajigusa kidevu.

"Unangoja na subira."

Sote tulicheka. Okelo alicheka kuliko wote, chapati ikamkwama, nikammiminia chai. Aliniita *nyathina*, mwanangu kwa Kijaluo, akanipa baraka kwa kikombe kile. Kisha akakichukua kipaza sauti cha redio yake mpya, akakipima mkononi kama mtu anayepima nyama, akauliza hiki nacho ni cha nini. Ouko akamwambia, "Hicho ni cha kupiga stori tu, Anko. Kazi ni ya kitufe."

Mama Zuhura amefariki mwaka huu. Nilikwenda matangani nyumbani kwake Sarang'ombe, katika sebule ileile ambayo tulikuwa tukilia chakula cha mchana siku ambazo umeme wa duka ulikatika. Ukutani bado kulikuwa na *tabaga*, zile sinia za Kinubi zilizofumwa kwa rangi, kubwa katikati na ndogo pembeni, na wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini yake wakizungumza kwa sauti ya chini, kama ya kufunika kitu. Nilimkuta Ouko uani kwenye kiti cha plastiki. Nywele zake zimekuwa za mvi upande mmoja tu. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule. Jambo la kwanza aliloniuliza, kabla ya habari ya watoto wala ya kazi, lilikuwa hili: "Nafu, bado unaangalia saa unatoa kumi?" Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita Nafu. Nikamwambia bado.

Duka letu lilikuwa chumba kimoja cha mabati kilichotazama reli. Treni ilipopita tulishika vikombe kwa mkono mmoja na skrubu kwa mwingine, bila kuacha tulichokuwa tunasema. Mama Zuhura alikuwa na mpwa Mombasa aliyenunua redio za boti zilizochakaa na kuzituma katika magunia ya mchele. Sisi tulizisafisha chumvi, tukabadilisha spika na vifungo, naye Mama Zuhura akawauzia watu wa ziwani ambao Ouko alikuwa na ukoo nao kila ufuo. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na elimu yangu ya umeme ilitoka kwenye vitabu vilivyonunuliwa kwa uzani Soko la Toi, vingi vikiwa havina jalada. Nilisoma kila kitu kwa mpangilio kwa sababu sikuwa na mtu wa kunionyesha nianzie wapi.

Sheria haikuwa siri, hata wakati ule. Redio ya boti inataka vibali viwili. Kimoja ni cha chombo, na hicho ndicho kinachoipa boti nambari yake, ambayo hakuna boti nyingine duniani inapaswa kuwa nayo. Kingine ni cha mtu, cheti cha kuonyesha kwamba anayekishika kipaza sauti amefundishwa na kupimwa. Bila nambari, kitufe chekundu hakifanyi kazi. Seti imetengenezwa hivyo makusudi. Lakini ili upate nambari unahitaji karatasi za boti, ada, na kungoja, na wateja wetu walikuwa na tikiti za basi la jioni. Walitaka kuona kitufe kikilia mbele yao ndipo watoe pesa.

Ouko alikuwa ametoka kwenye simu. Kila fundi wa simu mtaani alijua namna ya kuifufua simu iliyokufa kwa kuipa nambari ya ndani ya simu nyingine iliyo hai, kwa waya na kompyuta, na hakuna aliyedhurika kwa jambo hilo ambaye sisi tulimjua. Simu ishirini zenye nambari moja zilipiga na kupigiwa kama kawaida. Kwa hiyo meneja wa hoteli moja ya ufuoni mwa ziwa alipotuletea seti ya boti yake ya watalii, seti halali yenye leseni yake, spika tu ndiyo imepasuka, Ouko alichomeka waya akanakili yote yaliyokuwa ndani yake, nambari ikiwemo, kabla ya kuirudisha. Tuliiita seti mama. Kila iliyotoka mlangoni baada ya hapo ilikuwa mtoto wake. Ziliuzwa saba. Ya Okelo ndiyo ya saba, na hata waya wa kuonyesha mahali boti ilipo haukuunganishwa, kwa kuwa Okelo hakuwa na kifaa cha kuuchomeka.

Kilichofuata kilianza kama habari njema. Chama cha wenye boti kilitaka kununua seti nyingi kwa mpigo, ila mwenyekiti wao aliuliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliuliza: nani hapo dukani ana cheti? Mama Zuhura alinitazama mimi, akamtazama Ouko, akarudi kwangu. "Wewe unapenda kusoma," alisema. "Enda usome." Kesho yake alinilipia karo.

Darasa lilikuwa Gatina, Kawangware, orofa ya tatu ya jengo la kupangisha. Chini kulikuwa na bucha, na harufu ya mifupa ya supu ilipanda ngazi pamoja nasi. Chumba cha jirani kilikuwa kanisa, na Jumamosi kwaya ilifanya mazoezi, ikirudia mstari mmoja mpaka mwalimu wao aridhike. Mwalimu wetu, Njuguna, alikuwa amestaafu kutoka meli za mizigo. Alikuwa mtu mkavu, kola imefungwa mpaka juu, na alitufundisha kuita kwa sauti kwanza kuliko kitu kingine chochote. Tulisimama mmoja mmoja, kipaza sauti kisichounganishwa mkononi, tukataja neno la hatari mara tatu, jina la boti mara tatu, mahali tulipo, kilichotupata, watu wangapi. Vijana wawili waliotumaini kuajiriwa melini walicheka.

"Chekeni," alisema. "Lakini kitufe hakina mdomo. Kinasema nambari tu. Mengine yote ni wewe utasema, na utayasema ukiwa umelowa na unatetemeka, ndiyo maana unayasema hapa ukiwa mkavu."

Siku moja alifika kwenye yale yanayotokea upande wa pili, kwa anayepokea. Wito ukifika bila mahali, alieleza, watu wa bandari wanaitika ili boti ijue imesikika, kisha wanaitafuta nambari. Nambari inawapa jina la chombo, rangi yake, mwenyewe, na simu ya mtu wa nchi kavu. Wanampigia.

Niliinua mkono. "Na huyo mtu akisema boti iko salama?"

"Basi ni kitufe kimebonyezwa kwa makosa. Hutokea kila mara. Wanamshukuru, wanafunga faili." Akafuta ubao, akaendelea na betri. Kwaya ilikuwa imefika mstari wake, ikaurudia. Niliandika kila alichosema kuhusu betri, na sikumbuki hata neno moja.

Nilimwambia Ouko asubuhi iliyofuata, kabla hajavua koti. Hakukasirika. "Nafu, hiyo ni stori ya darasani. Simu ngapi hapa Kibera ziko na namba moja? Kuna yenye imekataa kupiga?"

"Simu haizami."

"Na Anko hajazama. Amekuwa na hiyo boti kabla nizaliwe." Lakini alikaa chini bila kuwasha taa ya meza.

Mama Zuhura alikuwa amesikia kutoka mlangoni. Alikuja na *gurusa*, mkate mwembamba wa Kinubi, umefungwa kwenye kitambaa, akatukatia vipande, akala chake chote kabla ya kusema. Nimeyapima maneno yake mara nyingi tangu hapo, na hata leo siwezi kuonyesha ni wapi hasa yalipopinda. Aliniuliza cheti nitapata lini. Nikamwambia mtihani uko mwezi ujao. "Basi," alisema. "Ukikipata, tunaziita zote saba zirudi, tunazitafutia nambari zao kwa njia inayokubalika, wewe unazitengeneza na jina lako liko hapo. Nikiziita leo nitawaambia nini? Kwamba niliwauzia uongo, na sina mtu wa kuunyoosha? Wakishazirudisha kwa hasira hawatanunua redio tena, si kwangu si kwa mtu. Watarudi majini mikono mitupu." Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili. Kwa mara ya kwanza tangu duka lile lifunguliwe, tulikuwa tumeamua kungoja leseni.

Mvua za masika zilianza. Matone kwenye mabati yalifanya tuzungumze kwa kelele, na kila simu ya Mama Zuhura ilipolia mimi na Ouko tuliweka vifaa chini tukamtazama. Ouko alimpigia mjomba wake kila siku amwambie walau akibonyeza kitufe aite pia kwa sauti. Kisiwani kwake mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na tulichosikia ni yule mwanamke wa simu akisema mteja hapatikani. Mwishowe Ouko alimpa ujumbe kondakta wa basi, kondakta akampa mtu wa ufuoni. Jibu lilirudi baada ya siku kadhaa pamoja na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani, waliokaushwa vizuri, bila mchanga. Kondakta alilikariri mlangoni huku akicheka: "Mzee anasema, mwambieni Mama redio inalala usingizi mzuri." Hatukujua kama ujumbe wetu ulimfikia kamili au ulipunguka njiani. Niliwakaanga omena kwa nyanya na kitunguu kwenye jiko la dukani, tukala na ugali, na Ouko akasifu mapishi yangu mara mbili, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Simu yenyewe ilikuja juma moja kabla ya mtihani wangu, tukiwa ndiyo tumemimina chai ya saa nne. Ilikuwa ya meneja wa hoteli, mwenye seti mama. Mama Zuhura aliweka simu mezani spika ikiwa wazi, kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga, tukamsikia sote.

"Mama, mliifanyia nini redio yangu? Watu wa bandari wamenipigia wananiuliza kama ninazama. Boti yangu naiona hapa dirishani, imefungwa kamba."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia ukweli. Iko salama. Wakanishukuru. Lakini ni aibu, Mama, nataka mtu aje aiangalie."

"Walikupigia saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla wageni hawajaamka."

Niliitazama saa ya plastiki, nikatoa kumi. Ouko alikuwa tayari amesimama, simu yake sikioni, na kutoka mahali nilipokaa nilimsikia yule mwanamke: mteja hapatikani. Alipiga tena. Mama Zuhura alimuaga meneja kwa adabu, akajifuta unga kidole kimoja kimoja.

"Inaweza kuwa yeyote kati ya wale saba," nilisema. "Lakini bandarini wamefunga faili. Hawatatoka mpaka waambiwe kwamba nambari hiyo si ya boti moja."

"Ukiwaambia hilo, umewaambia yote," alisema.

"Ndiyo."

Aliangalia rafu zake. Kulikuwa na seti zaidi ya kumi pale, zimesafishwa, za chama cha boti, na katika kila moja ilikuwa nambari ileile. Treni ilipita na hakuna aliyeshika kikombe, chai ikamwagika. Kisha akasema, "Nipe namba ya hao watu." Nilikuwa nayo; Mwalimu Njuguna alitulazimisha kuziandika zote ndani ya jalada la daftari. Alikaa kwenye benchi, pale alipokuwa amekaa Okelo, akaurekebisha mtandio wake kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

"Naitwa Mama Zuhura, nafanya biashara Laini Saba, Nairobi. Ile nambari iliyowaita asubuhi si ya boti ya hoteli peke yake. Nimeiuza mara saba." Akasikiliza. "Ndiyo, mimi. Hapana, hakuna mwingine, ni mimi peke yangu." Ouko alifungua mdomo, naye akamnyooshea kiganja anyamaze. "Andika jina langu, baba, andika kila kitu, niko hapa siendi popote. Lakini ingieni majini kwanza."

Walitoka. Haya yaliyobaki tuliyapata baadaye kutoka kwa kijana aliyekuwa akifanya kazi botini, mmoja wa wale waliokutwa mchana ule wakiwa wameshikilia mitungi mitupu ya mafuta kando ya boti iliyopinduka. Injini ilikuwa imezima kabla ya jua kuchomoza na mawimbi yakaanza kuingia. Okelo alifunua kijifuniko akakibonyeza kitufe kwa kidole gumba, akakishikilia kama alivyofundishwa, seti ikalia, na baada ya muda kioo kikaandika kwamba wito umepokelewa. Aliwaonyesha abiria maandishi yale. Mama mmoja akaanza kupiga mayowe, na Okelo akamwambia anyamaze, wamesikia, sasa ni kungoja. Kipaza sauti kilikuwa kinaning'inia kwenye ndoano yake, betri ikiwa nzima. Kijana alisema meli ya mizigo ilipita mbali wakaiona taa yake. Hakuna aliyejua kwamba wangeweza kuongea nayo. Abiria wote walipatikana. Okelo, aliyempa mtungi wake yule mama wa mayowe, hakupatikana siku ile, na alipopatikana hakukuwa na haja ya haraka.

Duka lilifungwa kwa utepe na rafu zikabebwa. Mama Zuhura alishtakiwa, akalipa faini, na hakumtaja Ouko popote, wala mimi. Nilifanya mtihani nikapita. Tangu hapo hii ndiyo kazi yangu: nawajazia wenye boti maombi ya leseni, nawafundisha kuita kwa sauti, na mtu akiniambia hana muda wa kungoja nambari yake, namkalisha chini hata kama itanichukua mchana mzima. Ouko hakushika tena waya wala chuma cha kulehemu. Anauza viatu.

Mwaka uleule Mama Zuhura alizunguka akiwarudishia wateja wake pesa, hata wale waliomwambia aache tu. Alibaki mmoja. Alimtuma Ouko mara mbili kwa mjane wa Okelo, na mara zote mbili mjane alimrudisha na bahasha ikiwa haijafunguliwa. "Mwambie mimi sina haraka," alisema mara ya pili. "Mwambie na yeye angoje."

Haya Ouko alinisimulia uani, matangani, kwa sababu Zuhura, binti ya marehemu, alikuwa amenifuata na mkebe wa maziwa ya unga uliofungwa kwa kitambaa. "Mama alisema hii niwape wewe na Ouko. Alisema mnajua mwenyewe ni nani." Tuliufungua magotini. Zilikuwa noti za elfu, zimenyooka kwa kukaa muda mrefu, zile za zamani zilizoondolewa na ambazo siku ya mwisho ya kuzibadilisha ilipita miaka kadhaa nyuma. Mama Zuhura alikuwa mfanyabiashara maisha yake yote na lazima alilisikia tangazo hilo kama sisi wengine. Hakuzigusa. Ouko aliinua moja kwenye mwanga, akaitazama mbele na nyuma.

"Nafu, hizi si pesa tena," alisema. "Nitampelekea nini?"

Nilizihesabu, kisha nikazihesabu tena kwa sababu ndivyo nilivyo, nikazirudisha ndani ya kitambaa. Zilikuwa shilingi elfu kumi na nane.